Mguu wa Nne wa Kabati

Nianze na hasira zangu, kwa sababu bila hizo kisa hiki kisingekuwepo. Mama yangu alikuwa akisema nilitoka tumboni nikimgombeza mkunga. Sijui kama ni kweli, lakini tangu nipate akili sijawahi kukaa na neno likilala mdomoni. Watu wa kwetu wananijua hivyo. Hata mchungaji aliyetufungisha ndoa alimwangalia mume wangu kwa huruma kidogo, nikamwona, na nusura nimwulize mbele ya madhabahu anaangalia nini.

Niliolewa wakati wa Mwingereza, miaka ile ya mwishoni, nikahamia kwa mume wangu huku juu ya Tengeru, katikati ya migomba na kahawa, nusu saa kwa miguu kutoka sokoni ukiwa unashuka, na saa nzima ukiwa unapanda na kikapu kichwani. Mume wangu alikuwa seremala. Alijifunza kazi mjini Arusha kwenye karakana ya Mhindi mmoja, akakaa huko miaka sita akitengeneza viti, meza na makabati ya kupelekwa kwenye nyumba za Wazungu. Alipotaka kuoa aliacha kazi ya mjini, akarudi nyumbani, akajenga kibanda cha bati kando ya njia akaanza kujitegemea. Alikuwa na randa mbili, misumeno miwili, patasi, nyundo, na penseli iliyokaa nyuma ya sikio hata kanisani. Vifaa vingine alivyozoea kutumia vilikuwa mali ya Mhindi, na vilibaki kwa Mhindi.

Alikuwa mtu wa kimya. Tulipatana vizuri kwa namna hiyo: mimi naongea, yeye anapiga randa.

Kabla sijaolewa niliwahi kufanya kazi ya kupiga pasi kwa mke wa mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa, na jikoni kwake niliona kabati ambalo sikulisahau tena. Lilikuwa na milango miwili chini na droo nne juu, na kila kitu kilikuwa na mahali pake. Kijiko hakitafutwi. Kisu hakitafutwi. Unavuta, kipo. Kwetu miiko ilichomekwa kwenye paa, kisu kilikuwa popote kilipoachwa na mtu wa mwisho, na chumvi ilihama hama kama mgeni asiye na kitanda. Basi mwezi wa kwanza tu wa ndoa nikamwambia mume wangu, "Wewe umewatengenezea Wazungu wote wa Arusha makabati. Mimi mkeo naweka vijiko kwenye kibuyu. Hiyo ni haki?"

Alichomoa penseli sikioni, akapima ukuta wa jikoni kwa mkono wake, akaandika kitu kwenye kiganja, akaenda zake.

Alilitengeneza wakati wa kiangazi, kwa mbao za mlimani zilizokauka vizuri. Lilikuwa na droo nne, mbili kwa mbili, na miguu minne mifupi. Kila mguu aliuchonga pete karibu na chini kabisa, mfereji mwembamba wa urembo tu, kama shanga inavyokaa mguuni kwa mtoto. Wanaume wanne walilibeba kutoka kibandani mpaka jikoni kwangu, watoto wa jirani wakifuata nyuma wakishangilia utadhani ni harusi ya pili. Likaegemezwa ukutani. Mume wangu akanishika mkono, akaweka kidole changu kimoja kwenye kishikio cha droo ya juu, akasema, "Vuta." Nikavuta kwa kidole kimoja, ikaja. Nikaisukuma kwa kidole kilekile, ikarudi. Jamani! Nilivuta na kusukuma mpaka maharage yakaungua.

Kwa mwezi mzima nilikuwa mtu wa maana. Wanawake walikuja kuazima chumvi hata wenye chumvi nyingi kuliko mimi, ili tu wanione nikivuta droo kuitoa.

Na habari zikafika mbali. Usharika ulikuwa unamalizia nyumba mpya ya mchungaji, na kina mama wa kanisa walitaka jiko lake liwe na makabati kama lile langu, mawili makubwa, na baada ya hapo wengine nao wangetaka majumbani kwao. Wakasema watakuja kwanza kuliangalia langu. Kwa mume wangu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko alivyoonyesha. Kibanda chake kilikuwa hakijapata kazi ya maana tangu kijengwe, zaidi ya kutia mipini majembe na kutengeneza majeneza mawili. Na binamu yake aliyekuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge alikuwa ameshamwandikia kwamba wanatafutwa maseremala, mkataba wa miaka miwili, na wakala alikuwa mjini Arusha akiandikisha watu. Mume wangu alinisomea barua ile, akaikunja, akasema, "Kina mama wakinipa kazi, nabaki. Wasiponipa, sina la kufanya hapa."

Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minne. Miaka miwili! Mtoto angezaliwa, angetembea, angesema "baba" akimwelekezea kidole mjomba. Nilisema moyoni, hao kina mama watalipenda kabati hili hata kama itabidi niwashike mikono.

Ndipo masika yakaanza, na droo zikaanza kunifanyia vituko.

Ya kwanza ilikuwa ya chini kushoto. Nilivuta kwa kidole, haikuja. Nikavuta kwa mkono, haikuja. Nikashika kwa mikono miwili, nikakanyaga mguu mmoja kwenye kabati, nikavuta kwa nguvu zangu zote, ikaja yote nzima na mimi nikakaa chini, puu, vijiko vikiruka mpaka kwenye majivu. Niliipiga teke. Niliumia kidole cha mguu, nikaipiga la pili kwa sababu ya lile la kwanza.

Mume wangu alikuja, akaikagua, akasema ni mvua. Mbao hunywa unyevu, zinavimba. Akapiga randa pale palipokuwa panasugua, ikaingia vizuri. Nikafurahi. Jumapili tuliporudi kutoka kanisani ikakwama tena, na ya juu yake nayo ikawa inagoma. Akapiga randa tena. Wiki ikapita vizuri, Jumapili iliyofuata droo zote nne zikagoma. Na kitu kilichonikera kuliko vyote ni kwamba zilikwama huku zikiwa zimelegea. Upande mmoja nafasi inaingia kidole, upande wa pili hata karatasi haipiti. Nyuso zake nazo zikaacha kulingana. Moja imepanda, nyingine imeshuka, kabati limekaa kama mdomo wa mtoto anayeota meno mapya. Kila alipolainisha panaposugua, wiki iliyofuata panasugua pengine.

Alipiga randa majuma matatu. Vinyoleo vya mbao vilijaa jikoni mpaka nikawa nawashia moto. Kabati langu nilikuwa nalipikia uji kidogo kidogo.

Kina mama wakatuma salamu: watakuja Jumatano ya wiki inayofuata. Lori la wakala lilikuwa linaondoka Ijumaa yake.

Siku ile salamu zilipofika ndipo nilipoharibu. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa jikoni kwangu anamenya ndizi, mume wangu amepiga magoti mbele ya kabati, na mimi nataka mwiko, na mwiko uko ndani, na droo haifunguki. Nikaona moto.

"Fundi gani wewe!" nikamwambia. "Wazungu ndio uliowafanyia hivihivi? Hili si kabati, ni banda la kufugia panya, na hata panya watakwama! Huko Tanga unakotaka kwenda watakufukuza siku ya kwanza, utarudi kwa miguu!"

Mama mkwe aliacha kumenya. Mume wangu aliinuka. Alifuta randa kwa kitambaa, akaiweka kwenye mfuko wake, akatoka. Laiti angenijibu! Mtu akinijibu mimi hupoa. Akinyamaza, yale maneno hunirudia mwenyewe moja moja. Nilikwenda kulia nyuma ya nyumba, kwa hasira na kwa aibu, nikimlaani binamu, wakala, mkonge na anayeufuma.

Kesho yake, Alhamisi, alikuja tena kuliangalia, bila kunitazama. Penseli ikamdondoka sikioni ikaviringika chini ya kabati. Akalala kifudifudi kuitafuta. Alikaa pale muda mrefu kwa penseli moja, nikasema huyu sasa amelala. Akainuka, akapangusa magoti, akaniangalia kidogo, akatoka bila kupiga randa hata mara moja. Nikajua amekata tamaa. Jumamosi asubuhi na mapema akavaa koti lake la kanisani. Nikamwuliza anakwenda wapi. "Mjini," akasema. Mimi sikuthubutu kuuliza la pili, maana mjini ndiko alikokuwa wakala.

Sasa Jumamosi kwetu ilikuwa siku ya sakafu. Nyumba zetu hazikuwa na saruji. Tulisiriba sakafu kwa samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu na maji, kwa mkono, ukianzia ukuta wa ndani ukirudi nyuma mpaka mlangoni, ili Jumapili itukute tukiwa safi. Bibi arusi ndiye anayepimwa kwa sakafu. Mama mkwe wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini kwa sakafu hakuwa na mzaha. Kila Jumamosi alikuja kukagua kazi yangu, anainama, anaangalia kwa pembeni kama mtu anayetafuta sindano. Tangu wiki ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, sakafu yako ina nyufa. Ongeza maji." Basi nikaongeza maji. Mimi nikiambiwa kitu na mkwe nakifanya mara mbili, ili asipate la kusema. Nilimwaga maji kama ninayemwagilia kahawa, na hasa pale mbele ya kabati upande wa kushoto, ambako mafuta na mtindi vilidondoka na mimi nilitaka pang'ae kuliko pote. Kiangazi palikauka siku hiyohiyo; masika hapakukauka kabisa.

Jumamosi ile nilipiga magoti na ndoo yangu, machozi yako karibu. Nilikuwa nawaza lori. Mkono wangu unazunguka, unazunguka, nikafika kwenye kabati, nikasiriba kuzunguka mguu wa nyuma, nikaona ile pete ya urembo. Nikaenda mguu wa pili wa nyuma, pete ipo. Mguu wa mbele kulia, pete ipo. Mguu wa mbele kushoto, pete haipo.

Nikarudi kuangalia vizuri. Labda aliisahau? Mume wangu hasahau kitu kama hicho. Nikachomeka kidole pembeni ya ule mguu, kikazama mpaka kwenye fundo, laini kama ugali wa mgonjwa. Pete ilikuwepo. Ilikuwa chini ya sakafu. Kabati langu lilikuwa limezama mguu mmoja kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope, na mwili wake wote umejipinda, na zile droo maskini zilikuwa zinajaribu kuingia kwenye matundu yaliyokwenda mshazari. Randa ilikuwa inalipiga kabati lisilo na kosa. Kila Jumamosi mimi nalizamisha kidogo, kila Jumatatu mume wangu anazipunguza droo kidogo.

Nilikaa chini palepale kwenye samadi. Nikasema kwa sauti, "Yesu wangu, ni mimi."

Na nitasema ukweli, wazo lililofuata halikuwa zuri. Wazo lilisema: hakuna aliyeona. Inua mguu, weka kitu chini, nyamaza. Lakini zile droo zilikuwa zimeshapigwa randa majuma matatu. Kabati likinyooka zingecheza ndani kama meno ya kikongwe, na yeye angezidi kuamini mkono wake ndio mbovu. Na kama jina lake limeshaandikwa kwa wakala, angekwenda Tanga akiamini hivyo. Hilo sikuweza. Hasira ninazo, lakini si mwongo.

Nikachukua mtaimbo wa kuchimbia mashimo ya migomba, nikauingiza chini ya kabati, nikawa naning'inia juu yake na mimba yangu, ndipo mama mkwe akaingia kukagua sakafu.

"Ehe!" akasema. "Unang'oa nyumba?"

"Shikamoo, mama. Nainua kabati."

"Marahaba. Na sakafu?"

Nikamwonyesha. Nikamwonyesha pete tatu na tundu la pete ya nne. Nikamwambia yote, kwamba si mvua, si mbao, si mwanawe, ni maji yangu ya Jumamosi. Nilisema haraka haraka nisije nikageuza njiani. Aliuangalia ule mguu. Akainama akachomeka kidole chake palepale nilipochomeka changu. Akakifuta kwenye kanga.

"Maji," akasema polepole, "niliyasema mimi."

"Ulisema niongeze, mama. Hukusema nilete mto mzima."

Weee, alicheka yule mama! Alicheka mpaka akashika ukuta, na ukuta nao nilikuwa nimeusiriba, ulikuwa mbichi, akabaki na mkono wa samadi, akazidi kucheka, na mimi nikaanza, nikashindwa kuushika mtaimbo. Tangu nilipoolewa nilikuwa namwogopa. Siku ile uoga ulikwisha. Alitoka mbio mbio akarudi amekumbatia nusu ya jiwe lake la kusagia, lililopasuka miaka mingi, pana na bapa. Mimi nikanyanyua kwa mtaimbo, yeye akachimba ule uji kwa mikono, akapanga kokoto, akaweka jiwe, tukalishusha kabati juu yake. Nikavuta droo ya chini kushoto. Ikaja kwa kidole kimoja, lakini ikitikisika huku na huku kama mlevi.

Mume wangu alirudi alasiri. Nilimkuta mlangoni hata kofia hajaivua.

"Kabla hujaniambia kama umejiandikisha," nikasema, "nisikilize. Kabati halikuwa na kosa. Wewe huna kosa. Nilikuwa nalizamisha mimi kwa maji. Nilikuita fundi mbovu mbele ya mama, na sasa nakuambia mbele ya mama huyuhuyu, mbovu nilikuwa mimi. Basi."

Sijawahi kusema maneno mazito kama yale, na yalitoka yote kwa pumzi moja. Alimwangalia mama yake, mama yake akaangalia paa. Akaniangalia mimi, nina samadi mpaka kwenye nyusi. Nikaona midomo yake inacheza. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa pima maji, kile kipande cha mbao chenye kioo na tone la hewa ndani, akakiweka juu ya kabati. Tone likaenda pembeni kidogo. Akaongeza kokoto mbili chini ya jiwe, tone likaja likasimama katikati. Akakaa chini kwenye sakafu mbichi na koti lake la kanisani akacheka kwa sauti, yeye ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka zaidi ya pumzi puani.

"Miaka sita mjini," akasema, "nimeweka makabati kwenye saruji. Sikuwahi hata siku moja kuuliza sakafu inaoga mara ngapi kwa wiki."

"Na Tanga?" nikauliza.

"Tungoje Jumatano," akasema.

Jumapili hakuna kazi. Jumatatu na Jumanne alichana vipande vyembamba vya mbao, akavibandika kwenye ubavu wa kila droo kwa gundi ya ngozi aliyoichemsha jikoni kwangu. Ilinuka hata nzi wakahama. Sikusema neno. Nilikaa nalo neno lile siku mbili nzima, na mama mkwe alinipa hongera. Kisha akasugua mishumaa kwenye njia za droo, akapiga randa mara chache sana, kwa adabu, na Jumanne jioni akanishika mkono kama siku ile ya kwanza, akaweka kidole changu kwenye kishikio. Ikaja kama maji.

Jumatano walikuja kina mama watatu. Kiongozi wao alikuwa mke wa mzee wa kanisa, mama mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya korongo. Hakukaa hata kitini. Alivuta droo zote nne, akazisukuma, akazivuta tena mbili mbili, akatia kichwa chini ya kabati. Mume wangu amesimama pembeni, penseli sikioni, mikono nyuma. Nilikuwa naona vidole vyake vinavyobonyezana.

"Na hili jiwe?" akauliza yule mama kutoka chini. "Fundi, kabati lako limekosa mguu?"

Mume wangu akafungua mdomo. Nilijua atasema kitu cha kunifichia, na kwamba hakitafaa, maana hajui kusema. Nikamtangulia.

"Mama," nikasema, "kabati halijakosa mguu. Jiwe lile ni dawa ya mke anayetaka kumfurahisha mkwe wake. Nilisiriba kwa maji mengi mpaka nikalizamisha. Majuma matatu nimemtukana mume wangu kwa kosa la ndoo yangu."

Kisha mmoja wa wale wengine akasema polepole, "Ndiyo maana kitanda changu kimeinama." Wa pili akasema, "Na meza yangu!" Mke wa mzee wa kanisa alitoka chini ya kabati amejaa kicheko, akaniangalia, akamwangalia mama mkwe wangu pale pembeni.

"Kumbe nawe ulimwambia aongeze maji?" akamwuliza.

"Kwani wewe mkamwana wako unamwambia apunguze?" mama mkwe akamjibu.

Wakacheka wote. Yule mama akamgeukia mume wangu. "Fundi, tunataka mawili ya mchungaji. Na mimi langu. Na yaje na mawe yake."

Ijumaa lori la wakala liliondoka mjini. Mume wangu alikuwa kibandani anapasua mbao, na mimi nilimpelekea chai mara tatu kabla ya saa sita, nikihakikisha tu yupo. Ya tatu aliniuliza kama nataka apasuke yeye badala ya mbao.

Tangu siku hizo kila kabati alilouza liliondoka kibandani na mawe manne bapa kutoka mtoni. Na kabla ya kupima ukuta wa mtu, alichomoa penseli akamwuliza mama mwenye nyumba kwa heshima zote, "Samahani mama, Jumamosi mnapiga maji ndoo ngapi?" Watu walicheka, lakini walijibu, naye aliandika. Mtoto wetu alizaliwa, akatembea, na neno lake la kwanza lilikuwa "baba," akimwelekezea baba mwenyewe. Sikukasirika hata kidogo, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nampa uji.

Miaka ilipita mingi. Bendera ilibadilika, sakafu yangu ikapata saruji, kabati likabaki palepale juu ya nusu ya jiwe la mama mkwe, ingawa saruji haikulihitaji tena. Jioni moja, tukiwa wazee, tunakunywa chai jikoni wawili tu, kitu kikanijia ghafla, sijui kwa nini kilikawia hivyo.

"Wewe," nikamwambia. "Jumamosi ile uliyokwenda mjini. Ulirudi na pima maji mfukoni. Hukuwa na pima maji. Uliitoa wapi?"

Alipuliza chai yake. "Niliazima kwa Mhindi."

"Uliiazimia nini, kama ulikwenda kujiandikisha?"

"Sikufika kwa wakala. Nani alikuambia nilikwenda kwa wakala?"

Nikaweka kikombe chini. Nikaiona Alhamisi ile, penseli imedondoka, mume wangu amelala kifudifudi chini ya kabati, muda mrefu kwa penseli moja.

"Ulikuwa umeshauona ule mguu."

"Niliuona."

"Na ukanyamaza! Siku mbili! Ukaniacha nawaza mkonge!"

"Ningesema ni maji," akasema, "mama angesema ni wewe. Wewe ungesema ni mama. Nyumba ingewaka. Nikasema nitaazima kipimo, niinue mguu mimi mwenyewe mkiwa hampo, niwaambie randa yangu ndiyo ilikuwa butu."

"Kwa hiyo ungekubali uitwe fundi mbovu, na kina mama wasikie, kwa ajili ya ndoo yangu?"

Akanywa chai, akameza, hana haraka.

"Nilikuwa nimeshaitwa," akasema.

Nilitafuta la kumjibu. Mimi ambaye tangu kuzaliwa sijakosa la kujibu, nilitafuta pale jikoni kwangu, nikakosa. Macho yalinijaa. Nikaona anakoroga sukari kwa mpini wa kisu, basi nikainuka, nikaenda kwenye kabati, nikavuta droo ya chini kushoto kwa kidole kimoja, nikamletea kijiko.